MTIHANI WA TAIFA USITUNGWE MBALI NA MWALIMU



Wako watakaouliza, chama cha wafanyakazi wa reli kina shauri gani na mitihani ya shule? Jibu letu ni fupi. Mfanyakazi ana mali mbili tu: mshahara wake na watoto wake. Juu ya mshahara tumekwisha kuandika mengi katika karatasi hii, na tutaandika tena. Leo twataka kusema juu ya watoto, na juu ya mtihani ule ambao mtoto huufanya kwa siku chache, nao ukamkatia shauri la miaka mingi.

Sisi tunaoandika haya twakaa Olympic, Kibera, karibu na njia ya Kisumu. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni. Tulifanya KCPE ya alama 500, tukapata tulichopata, tukaingia kazini. Kwa hiyo hatuji hapa kama mabwana wasomi. Twaja kama wazazi, na kama watu wa kazi wanaojua kwamba kazi yo yote hupimwa vizuri na mtu aliyeishika kwa mikono yake.

Habari yenyewe ni hii. KCPE ilianza mwaka 1985, ikafanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika mtaala mpya mtoto hufanya KPSEA akiwa Gredi ya 6, na ya kwanza ilikuwa mwaka 2022. Halafu akiwa Gredi ya 9 hufanya KJSEA, na hiyo ya kwanza ilifanywa mwishoni mwa mwaka 2025. Watoto zaidi ya milioni 1.1 waliingia. Alama za mwisho hujumlishwa hivi: katika kila mia, 20 hutoka KPSEA, 20 hutoka kazi alizofanya shuleni akiwa Gredi ya 7 na ya 8, na 60 hutoka karatasi za Gredi ya 9. Kwa hesabu hiyo mtoto hupangiwa shule ya sekondari pevu, na mkondo wake: sayansi na ufundi, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026.

Basi tazameni wenyewe. Mtoto wa Kibera mwenye kipaji cha hesabu akipimwa vibaya hukosa mkondo, na mkondo ukikosekana hatujui ni nani atakayemrudisha.

Mwenye kutoa karatasi hizo ni Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, lililoanzishwa mwaka 1980. Kabla ya hapo tulikuwa na baraza moja la Afrika Mashariki tangu 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, Kenya ikafuata mwaka 1980, nayo Uganda ikapata baraza lake mwaka 1983. Na kabla ya hayo yote mtihani wa sekondari ulitoka Cambridge, Uingereza. Baba zetu na babu zetu walijibu maswali yaliyotungwa na watu wasioijua Kisumu wala Mombasa. Tulipochukua mamlaka ya mitihani tulisema sasa maswali yatatungwa na watu wanaowajua watoto. Ahadi hiyo ndiyo twaidai hapa, wala si jambo jipya.

Tuseme haki: Baraza huwatumia walimu. Walimu ndio hutunga maswali, walimu wengine huyapitia, na karatasi za insha husahihishwa na walimu. Hatusemi kwamba ofisini wamekaa makarani watupu wakibuni mambo. Twauliza ni walimu gani, kutoka shule za namna gani, nao hupewa nafasi ya kusema kwa kiasi gani kabla karatasi haijapigwa chapa, na baada ya matokeo kutoka.

Labda msomaji adhani kutunga swali ni kazi rahisi. Si rahisi. Mwalimu mmoja jirani yetu alitueleza jambo hili kwa kijiti mchangani, nasi tukalielewa. Chukua hesabu ya 3/4 kujumlisha 1/2. Jibu ni 1¼. Lakini karatasi ya kuchagua huhitaji majibu manne, moja la kweli na matatu ya uwongo. Hayo matatu yatoke wapi? Mtu asiyefundisha ataandika 17, au 50, au cho chote kinachomjia, na mtoto asiyejua hesabu hata kidogo ataona mara moja kwamba hayo si majibu, atachagua la kweli bila kulijua. Mwalimu wa darasani ataandika 4/6, kwa sababu amesahihisha madaftari mengi na anajua watoto hujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Ataandika 3/8, kwa sababu wako wanaozidisha badala ya kujumlisha. Ataandika 1/4, kwa wale wanaotoa. Kila jibu la uwongo lina ugonjwa wake. Mtoto akichagua 4/6, mwalimu anajua kesho amfundishe nini. Elimu hiyo haipatikani katika kitabu. Inakaa kichwani mwa mtu aliyesimama mbele ya darasa lenye watoto wengi kuliko madawati.

Jambo la pili ni maneno na mambo ya dunia yanayowekwa ndani ya swali. Tuseme swali la Kilimo lamwambia mtoto afikirie bustani ya mboga nyuma ya nyumba yao. Nyuma ya nyumba yetu hapa kuna nyumba nyingine, na nyuma ya hiyo kuna mtaro. Si kwamba mtoto hajui mboga. Sukuma wiki anaijua kwa gunia, ikiota katika mifuko ya udongo mlangoni. Lakini swali limemwanza kwa kumpotosha. Na tuwe waangalifu, maana shoka hili hukata pande mbili. Swali likiuliza nauli ya matatu ya 46 kutoka Kawangware mpaka mjini, mtoto wetu atalijibu akitabasamu, na mtoto wa Lodwar asijue 46 ni namba ya nini. Hatutaki mtihani wa Kibera. Twataka mezani awepo mwalimu wa Kibera, na wa Lodwar, na wa Lamu, ili mmoja aseme, "Hili kwetu halieleweki," na swali litengenezwe kabla halijamwumiza mtu.

Lugha nayo ni vivyo hivyo. Watoto wa hapa huamka na Kiswahili na Sheng, na wengine Kinubi, Kijaluo, Kiluhya au Kikamba nyumbani, ndipo wakute karatasi ya sayansi imeandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu anayewafundisha anajua neno lipi litawakwamisha ingawa sayansi yenyewe wanaijua. Neno moja gumu lisilo la lazima hugeuza swali la sayansi kuwa swali la Kiingereza, na alama inayoandikwa huitwa bado alama ya sayansi.

Tena kuna kulijaribu swali. Kabla ya treni ya abiria kupita juu ya reli iliyotengenezwa upya, hupitishwa kwanza kitu kwa mwendo wa polepole. Maswali pia hujaribiwa juu ya watoto wachache kabla ya kuingia katika mtihani wa kweli, na majibu yao huhesabiwa. Likionekana swali ambalo watoto hodari wanalikosa na watoto dhaifu wanalipata, hilo lina kasoro, hata kama lilitungwa na profesa. Twaomba majaribio hayo yafike pia katika shule zilizojaa za mijini, na katika shule ndogo za watu binafsi na za makanisa zilizo vichochoroni, zile ziitwazo APBET. Watoto wengi wa Kibera na Kawangware husoma katika shule hizo za mabati. Walimu wao, wengi hawajasajiliwa na TSC, na kwa hiyo mlango wa kazi za Baraza ni mwembamba sana kwao. Lakini mtihani wanaowaandalia watoto ni ule ule mmoja.

Sasa tuje kwenye zile alama 20 za kazi za shuleni, kwa maana hapa ndipo tulipochukizwa zaidi kama chama cha wafanyakazi.

Kazi hizi hutoka Baraza. Mwalimu huzichukua katika mtandao, huwapa watoto, huwapa alama, kisha huzirudisha kwa njia ile ile. Amekuwa tarishi. Akiona kazi imetaka vifaa ambavyo wazazi hawawezi kununua, hana pa kusemea. Huwaambia watoto walete, na jioni mtoto husimama mbele ya mama yake akidai karatasi za manila na rangi, siku ambayo hata unga haujanunuliwa. Laiti mwalimu huyo angeulizwa mapema, angesema, "Acheni vifaa hivyo, tumieni vifuniko vya chupa na maboksi."

Na ni nani waliotoa alama hizo kwa kundi la kwanza? Watoto wa KJSEA ya 2025 walikuwa Gredi ya 7 mwaka 2023 na Gredi ya 8 mwaka 2024. Wengi wa walimu wao walikuwa wale wanagenzi kama 46,000, waliokuwa wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya kukatwa, bila ajira ya kudumu. Mwaka 2024 waligoma, nasi watu wa reli twajua mtu hagomi kwa kupenda. Januari 2025 ndipo wakapewa ajira ya kudumu. Maana yake, sehemu moja katika tano ya alama iliyowapeleka watoto wetu Gredi ya 10 ilitiwa mikononi mwa watu ambao mwajiri mwenyewe hakukubali kuwaita walimu kamili. Ikiwa kazi ni nzito kiasi cha kukata shauri la mtoto, mwenye kuifanya ni mfanyakazi kamili, alipwe kamili. Hatuoni hoja ya upande wa pili.

Tena alama za shuleni zina hatari yake, wala hatutaificha kwa sababu tu twawapenda walimu. Mwalimu mmoja ni mkali, mwingine ni mpole. Shule moja yataka jina, huwapa watoto wote alama za juu. Jirani yake yaandika ukweli, na watoto wake wanapunjika kwa sababu ya ukweli huo. Dawa yake si kumleta askari. Dawa ni walimu kukutana. Walimu wa Olympic wachukue kazi za watoto wao ishirini, walimu wa Ayany walete ishirini, wa Kawangware na wa zile shule za mabati walete zao. Majina yafunikwe, wasahihishiane, kisha wakae wabishane kwa nini huyu ameipa kazi hii nne na yule ameipa mbili. Wakifanya hivyo mara moja kila muhula, mkono mkali na mkono mpole vitakaribiana. Gharama yake ni nauli, chai, na siku moja iliyohesabiwa kuwa siku ya kazi. Hilo la mwisho ndilo hasa. Isiwe Jumamosi ya bure.

Tunajua jibu tutakalopewa: mkiwaingiza walimu wengi, mtihani utavuja. Hofu hii si ya bure. Mwaka 2015 mitihani ilivuja vibaya, matokeo ya KCSE ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutwa, na Machi 2016 Waziri Fred Matiang'i akalivunja Baraza lote. Lakini swali la kuuliza ni dawa gani iliyotumika baadaye. Karatasi zilifungiwa katika makontena, na wakuu wa shule wakapewa jukumu la kuzichukua wao wenyewe asubuhi ya mtihani. Walilinda karatasi iliyokwisha pigwa chapa, ikiwa safarini. Mwalimu aliyetunga swali moja miaka miwili nyuma, lilitiwa ghalani pamoja na maswali mengi ya wengine, hajui kama litatoka wala litatoka mwaka gani. Maswali yakiwa mengi ghalani, kujua moja hakumfaidii mtu. Yakiwa machache, yametungwa na wachache, hapo ndipo siri ina bei. Na sheria ya mwaka 2012 imekwisha kuweka kifungo kirefu kwa mwenye kuvujisha. Basi idadi ya walimu si mlango wa mwizi.

Wala makosa hayatoki kwa walimu peke yao. Matokeo ya KCPE ya 2023 yalipotangazwa, walikuwako watoto wanaosikia vizuri kabisa waliokuta wameandikiwa alama za Lugha ya Ishara mahali pa Kiswahili. Waliopiga kelele ni wazazi na walimu. Baraza likakiri na kutengeneza, nasi twalisifu kwa kukiri. Lakini kwa nini macho ya mwalimu yahitajiwe wakati wa kelele tu?

Huko ng'ambo mambo yako namna gani? Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mtihani wa jimbo uitwao MCAS una kamati za walimu wa darasani. Husoma kila swali kabla ya kujaribiwa, hulisoma tena baada ya majibu ya jaribio kurudi, na kamati nyingine hutazama tu kama swali linaonea watoto wa namna fulani. Maswali mengi baada ya kutumika hutolewa hadharani, kila mtu ayaone. Ni utaratibu mzuri, na twaweza kuuchukua bila kuuliza bei. Hata hivyo Novemba 2024 wananchi wa jimbo hilo walipiga kura, wakakataa mtoto kunyimwa cheti cha kumaliza sekondari kwa sababu ya MCAS, na chama cha walimu ndicho kilichoongoza kampeni hiyo. Hapo pana funzo kwetu. Mwalimu anaweza kuketi katika kamati, akanyoosha kila swali, na bado asiulizwe mtihani utatumika kwa kazi gani. Hayo ni mambo mawili, na chama cha walimu lazima kiyadai yote mawili.

Olympic twajua vizuri mtihani unavyotumika. Shule yetu ya Olympic ilikuwa na jina mji mzima kwa alama zake za KCPE. Januari 2003 Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi, watoto wakafurika kwa mamia, kwa maana kila mzazi alitaka shule yenye alama zile. Madarasa yakajaa, walimu hawakuongezwa kwa kiasi hicho, kisha watu wale wale wakaanza kuuliza kwa nini alama zinashuka. Namba iliwaita watu, watu wakaizidi shule, halafu namba ikatumiwa kuwashitaki walimu. Hakuna aliyewauliza walimu wenyewe namba ile ilipima nini.

Basi twapendekeza mambo ambayo Baraza laweza kuyafanya bila sheria mpya. Kila mwaka litangaze, bila kutaja jina la mtu, watunzi na wapitiaji wa maswali wametoka kaunti gani na shule za namna gani, ili tuone kama Kibera imo. Litoe kwa walimu wa KJSEA taarifa ya swali kwa swali kama lile linalotolewa kila mwaka kwa KCSE, nayo ifike mpaka chumba cha walimu, isibaki mezani kwa mkuu wa shule. Lifungue njia kwa walimu wa shule za APBET waliohitimu, hata kama kwanza ni kwa kupitia maswali tu. Na malipo ya wasahihishaji yafike kwa wakati. Vyama vya KNUT na KUPPET vimelilalamikia jambo hili mara nyingi, na hatujui kwa nini kazi ya siri ya Serikali ilipwe kwa kuchelewa kuliko kibarua cha kupakia kokoto.

Kwa upande wetu, twaiomba kamati ya tawi iwaandikie barua matawi ya KNUT na KUPPET ya Nairobi, kuwaambia kwamba wafanyakazi wa reli wako nyuma yao katika shauri hili. KNUT ni chama cha mwaka 1957, hakihitaji kufundishwa na sisi namna ya kudai. Lakini barua ya wazazi wanachama wa chama kingine ina uzito wake mezani.

Wanachama wenye watoto waliofanya KJSEA ya kwanza wakae nao jioni moja, wawaulize ni swali gani hawakulielewa kwa sababu ya neno, si kwa sababu ya somo, na ni kazi gani ya shule ilitaka kitu ambacho nyumbani hakikuwako. Andikeni kwa Kiswahili cha kawaida, bila jina la mtoto wala la shule, mkampe katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Zitaambatishwa na barua.